Saikolojia na Sosholojia Katika Shahada Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu huanza kuita. Wengine ni wanafunzi niliowanasihi shuleni, wengine wazazi wao, wengine hata sijui namba yangu wameipata wapi. Maswali huwa yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu ambayo ningempa mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ni Mtanzania niliyesoma Kenya. Nilivuka Namanga na begi moja na godoro la kukunja, nikasoma saikolojia na sosholojia kwa pamoja miaka minne, kisha nikarudi Dar es Salaam. Siku za shule ni mnasihi wa sekondari. Likizo huenda vijijini kukusanya takwimu za utafiti. Kazi zote mbili nazifanya kwa masomo hayo mawili, na sijawahi kupata siku ambayo moja peke yake lilinitosha.

Kwa nini nisome yote mawili? Moja halitoshi?

Nikujibu kwa kisa. Mwalimu wa darasa aliniletea binti wa kidato cha tatu aliyekuwa analala kipindi cha pili kila siku. "Huyu mvivu," aliniambia, "au ana jinni." Nilimkalisha nikamuuliza nilivyofundishwa kwenye saikolojia: usingizi ukoje, chakula unakipenda, marafiki unao, kuna linalokukera? Majibu yote yalielekea upande mmoja. Chakula hakili vizuri, hacheki, mambo aliyokuwa anayapenda hayapendi tena. Nikaanza kuandika barua ya rufaa kwenda hospitali, kwa sababu dalili zilifanana na za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Kabla sijaisaini nikauliza swali la upande wa pili, ule wa sosholojia: "Leo uliamka saa ngapi, na nani kakuamsha?" Akasema saa tisa usiku, kaamshwa na mama. Baba alipunguzwa kazi mwaka uliopita, mama akaanza kuuza vitumbua stendi, na yeye ndiye anayekoroga unga na kuchoma awamu ya kwanza ili mama atoke na beseni kabla daladala hazijajaa. Alinionyesha kovu la mafuta kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Nikamuuliza kama yupo mwingine nyumbani wa kusaidia. Akajibu kana kwamba nimeuliza kama jua linatoka mashariki: "Kaka yupo, lakini yeye ni mwanaume." Kaka ana miaka kumi na saba, amelala chumba cha pili.

Huzuni ya binti yule ilikuwa ya kweli, na nilikaa naye vikao sita kuizungumzia. Lakini ningeishia hapo, ningemfundisha kupumua taratibu halafu nimrudishe akaamke saa tisa. Ilibidi pia nikae na mama, kwa heshima zote, tuongee juu ya nani anafanya nini katika nyumba ile na kwa nini. Siku hizi kaka yake ndiye anayewasha jiko. Barua ya rufaa bado ipo kwenye droo yangu, sikuhitaji kuituma.

Mbona naona kama ni somo moja lenye majina mawili?

Yanakutana mahali pengi, lakini hayaulizi kitu kimoja. Saikolojia huanzia ndani ya mtu: anavyoona, anavyokumbuka, anavyojifunza, anavyoogopa. Sosholojia huanzia kati ya watu: familia, tabaka, kazi, dini, jinsia, sheria, na namna vitu hivyo vinavyompangia mtu maisha kabla hata hajazaliwa.

Tofauti hiyo ina historia. Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, akitaka kupima mambo ya akilini kwa majaribio. Baadaye Émile Durkheim, Mfaransa aliyeipigania sosholojia mpaka ikakubalika chuo kikuu, alisisitiza kwamba jambo la kijamii lielezwe kwa jambo jingine la kijamii, si kwa yaliyomo kichwani mwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1897 akachapisha kitabu juu ya kujiua. Alichagua tendo ambalo kila mtu aliliona ni la siri kabisa, la mtu na nafsi yake, akaonyesha kwamba viwango vyake vinatofautiana kati ya nchi na nchi, kati ya waliooa na wasiooa, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na kwamba havibadiliki ovyo mwaka hadi mwaka. Kama ni siri ya nafsi tu, aliuliza, mpangilio huo unatoka wapi?

Takwimu zake zimekosolewa sana tangu hapo, na ni haki. Swali lenyewe bado linatuhusu hapa kwetu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na katiba. Mwanasaikolojia atakueleza maumivu ya aliyejaribu. Mwanasosholojia atakueleza sheria na aibu inavyomfanya afiche maumivu hayo hadi yamzidi. Mtu akija mbele yako, unahitaji kuyajua yote mawili.

Kuna waliowahi kuyaunganisha kabisa yakawa kitu kimoja?

Wapo. Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha mwaka 1946 idara iliyoweka chini ya paa moja sosholojia, saikolojia ya jamii, saikolojia tiba na anthropolojia ya jamii, ikiongozwa na mwanasosholojia Talcott Parsons. Ilifika 1972 ikavunjwa, kila fani ikarudi kwao. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wengi huingia wakitarajia wahadhiri wawaunganishie. Hawatakuunganishia. Utatoka lekcha ya saikolojia saa nne, uingie ya sosholojia saa sita, na mhadhiri wa pili hatajua wa kwanza kasema nini. Daraja unalijenga wewe, kwenye daftari lako.

Saikolojia ya jamii ndiyo kozi iliyo karibu zaidi na daraja hilo. Ikiwepo chuoni kwako, ichukue hata kama si ya lazima.

Kwa Afrika Mashariki mfumo ukoje?

Si mmoja. Kenya, vyuo vingi vinavyotoa Shahada ya Sanaa humwacha mwanafunzi aanze na masomo zaidi ya moja kisha apunguze kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo njia niliyopita mimi, na ndiyo rahisi zaidi kwa anayetaka masomo haya pamoja. Udahili wa serikali hupitia KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo.

Tanzania unaomba programu moja kwa jina lake. Sosholojia ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, na ipo pia Dodoma. Saikolojia vyuo hivyo viwili vimeiweka zaidi upande wa elimu. Kwa hiyo Mtanzania anayebaki nyumbani mara nyingi huchagua moja liwe shina, na jingine alipate kupitia kozi za hiari. Usidharau kozi za hiari. Mtu aliyechukua mbili kila mwaka, akazichagua kwa makini badala ya kufuata zile zinazosifiwa kwamba zina A za bure, anamaliza akiwa na saikolojia ya kutosha kuombea uzamili katika vyuo kadhaa. Kabla hujajaza fomu, fungua mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, usome jina la programu neno kwa neno, kisha tafuta orodha ya kozi zake. Jina zuri linaweza kuficha kozi ulizozikimbia.

Uganda, Makerere ina shule nzima ya saikolojia ndani ya koleji ya sanaa na sayansi za jamii, na programu zake zimegawanywa kwa matawi: saikolojia ya jamii za mitaani, ya viwandani na maofisini, na kadhalika.

Nahitaji ufaulu gani?

Kwa Tanzania, kiwango cha chini cha jumla kwa waliopitia kidato cha sita ni pasi mbili za principal zenye jumla ya pointi 4.0, halafu kila programu ina masharti yake juu ya hapo. Kwa Kenya ni wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Tahasusi za kidato cha sita za HGL, HKL, HGK na HGE zote zimeleta watu kwenye fani hizi, hata wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) nimesoma nao, na walikuwa wazuri sana kwenye kozi za ubongo na mishipa ya fahamu.

Nimekimbia hesabu tangu kidato cha nne. Nitakutana nazo?

Utakutana nazo, na mara mbili: takwimu za saikolojia na takwimu za utafiti wa jamii. Hapa ndipo wengi wanapopata sapu, mimi nikiwa mmojawapo. Mwaka wa pili nililia chooni baada ya mtihani wa takwimu, na niliporudia nilijifunza kitu ambacho ningependa ukijue mapema: si hesabu ngumu, ni kufikiri kwa utaratibu. Kujumlisha na kugawanya unakujua tayari, na kompyuta itafanya mengine kwa programu kama SPSS au R. Kazi yako ni kuuliza namba hii imetoka wapi na inamsema nani.

Chukua mfano. Umekuta wanafunzi wanaomiliki simu nzuri wanafaulu zaidi. Simu inaongeza akili? Au nyumba inayoweza kununua simu ndiyo hiyo hiyo inayolipa tuisheni, ina umeme usiku, na haimwamshi mtoto saa tisa kuchoma vitumbua? Ukilishika swali hilo umeishika nusu ya takwimu za shahada ya kwanza. Usidese takwimu. Madesa ya nadharia yanaweza kukuvusha mtihani, ya takwimu yatakuumbua siku ya tasnifu, ukikabidhiwa dodoso mia mbili zilizojazwa na hujui uanzie wapi.

Jambo jingine la kujiandaa nalo ni kwamba matokeo yaliyo kwenye vitabu si msahafu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na kama theluthi moja tu ndizo zilizotoa tena matokeo ya wazi kama ya awali. Wengine walivunjika moyo. Mimi naona fani inayojikagua hadharani namna ile inastahili kusomwa.

Nadharia zote ni za Ulaya na Marekani. Zinatuhusu nini sisi?

Swali hili linaulizwa kwa hasira, na naielewa hasira yake. Watafiti watatu, Henrich, Heine na Norenzayan, waliandika mwaka 2010 kwamba saikolojia imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya watu wa nchi za Magharibi, waliosoma, wenye viwanda, matajiri, na mara nyingi wanafunzi wa vyuo vyao wenyewe, halafu matokeo yakatangazwa kuwa ni ya binadamu wote.

Lakini usidhani sisi hatumo kabisa. Mojawapo ya nadharia zinazofundishwa zaidi duniani, ile ya mshikamano wa mtoto na mlezi wake, ilipata mizizi yake ya utafiti karibu na Kampala. Mary Ainsworth alifika Uganda kwa sababu mumewe alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, akikaa sebuleni na akina mama, akitazama watoto wanavyotambaa mbali na mama, wanavyogeuka kuhakikisha yupo, wanavyorudi mbio mgeni akiingia. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka 1967. Jaribio lake maarufu la chumbani, la kutazama mtoto anavyofanya mama akitoka na kurudi, alilifanya baadaye Marekani, ila macho aliyokuwa nayo alipolifanya yalifunguliwa Buganda. Nilipolisoma hili mwaka wa pili nilifunga kitabu nikakaa kimya. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Sasa ongeza sosholojia. Mtoto wa kijiji kile hakulelewa na mama peke yake; kulikuwa na bibi, shangazi, dada wa miaka tisa anayembeba mgongoni. Ukipima mshikamano wake na mama tu, umepima familia ya Kimarekani ndani ya nyumba ya Kiafrika. Swali la nani hasa ndiye mlezi ni la muundo wa kaya, na lazima lijibiwe kabla ya lile la hisia za mtoto.

Kuna pia lile jaribio la Walter Mischel la Stanford, ambapo mtoto anapewa peremende laini na kuambiwa akiivumilia atapewa ya pili. Kwa miaka mingi lilitajwa kama ushahidi kwamba uvumilivu wa utotoni hutabiri mafanikio ya ukubwani. Mwaka 2018 utafiti mkubwa zaidi ulionyesha kwamba uhusiano huo hupungua sana ukishahesabu hali ya familia ya mtoto. Utafiti mwingine ulilipeleka jaribio hilo kwa watoto wa Wanso wa Kamerun, wakawekewa kiandazi cha kwao, wakasubiri kuliko wenzao wa Ujerumani, wengi wao kwa utulivu kabisa. Mtoto aliyezoea kwamba aliyeahidi huleta, na kwamba mkubwa akisema ngoja unangoja, atangoja. Aliyezoea kwamba kisicholiwa sasa kitaliwa na mwingine, atakula. Hapo ni wapi tabia inaisha na jamii inaanza?

Nitasoma kwa Kiingereza, lakini watu nitakaowahudumia wanasema Kiswahili. Nitafanyaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na huulizwa mara chache mno.

Kuna dodoso fupi liitwalo PHQ-9, la maswali tisa kuhusu hali ya mtu kwa wiki mbili zilizopita, linalotumika kupima dalili za sonona. Siku moja, wilayani Handeni, nilikaa na bibi mmoja kwenye mkeka chini ya mwembe. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akauliza habari za huko tulikotoka, tukafika kwenye maswali. Nilipomsomea lile la kujisikia mnyonge au kukata tamaa, akanitazama kwa huruma. "Hapana, mjukuu wangu. Kukata tamaa ni kumkosea Mungu." Nikaweka alama ya sifuri. Tulipomaliza, nikifunga begi, akasema kama anayeongea peke yake: "Mawazo tu ndiyo ninayo. Mawazo yamenila hata usingizi sina."

Sifuri yangu ilikuwa uongo. Kiswahili kina njia zake za kusema: mtu ana mawazo, roho inamuuma, moyo unamwenda mbio, kichwa kinamwaka moto. Aliyetafsiri dodoso neno kwa neno na asiyejua kwamba "kukata tamaa" kwa bibi yule ni dhambi, atamwandika mzima mtu anayeumia. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha huko mwaka 2006 mpango wa ushauri uitwao Benchi la Urafiki alitumia lugha hiyo, na waliokaa na wagonjwa kwenye benchi ni akina bibi wa mtaa waliopewa mafunzo. Jaribio la kitabibu lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba waliohudumiwa na akina bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mazungumzo ni saikolojia. Kwamba anayezungumza ni bibi, mtu ambaye katika jamii ile ana haki ya kukuuliza mambo ya ndani, hiyo ni sosholojia.

Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza weka daftari la pembeni. Kila dhana unayofundishwa, iandike kwa Kiswahili ambacho shangazi yako angekielewa. Hata neno jepesi kama "kaya" litakusumbua: ni wanaolala nyumba moja, au wanaokula chungu kimoja? Kwenye nyumba ya kupanga ya Manzese jibu hubadilisha idadi yako yote.

Nikimaliza nitaitwa mwanasaikolojia?

Hapana, na tafadhali usikubali kuitwa hivyo. Shahada ya kwanza inakufanya mhitimu. Kutibu watu wenye matatizo ya afya ya akili kunahitaji uzamili wenye mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, namba 14 ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kusajili wanaofanya kazi hizo. Saikolojia tiba kwa ngazi ya uzamili inafundishwa Muhimbili kwa Tanzania, na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa Kenya.

Tena usichanganye mwanasaikolojia tiba na daktari wa magonjwa ya akili. Daktari huyo amesomea udaktari wa binadamu kwanza, ndipo akabobea, na yeye ndiye anayeandika dawa.

Nimeona wahitimu wapya wakipewa na waajiri kazi ya kukaa na watu waliobakwa au waliokimbia vita, bila msimamizi, kwa sababu tu cheti kina neno saikolojia. Wanaumia wao, na wanaweza kumuumiza aliyekuja kwao. Ukijikuta hapo, omba msimamizi kwa maandishi. Kama lengo lako ni tiba, hakikisha kufikia mwaka wa tatu una kozi za takwimu, saikolojia ya makuzi, matatizo ya kiakili na upimaji, maana ndizo kamati za udahili wa uzamili huzitafuta.

Mimi ni mzazi. Mwanangu atafanya kazi gani?

Shikamoo, mzazi. Nitakujibu bila kukuficha. Hakuna ajira inayomsubiri mlangoni kama ilivyokuwa kwa mwalimu wa zamani. Lakini kazi zipo, na ni nyingi kuliko zinavyoonekana kwa jina la shahada.

Serikalini, Tanzania, matangazo ya Afisa Maendeleo ya Jamii hutaja Elimu ya Jamii miongoni mwa fani zinazokubalika, na hiyo ndiyo sosholojia kwa jina la kwenye tangazo. Wapo waliokwenda kwenye rasilimali watu, wapo kwenye miradi ya afya na lishe, ulinzi wa mtoto, magereza, tathmini za miradi, utafiti wa soko. Kampuni inayotaka kujua kwa nini wateja wa Mbagala hawanunui sabuni yake inahitaji mtu anayeweza kuuliza vizuri na kusikiliza vizuri, na mwanao amefundishwa hayo miaka mitatu au minne.

Jambo moja la kumlinda: jina lililoandikwa kwenye cheti. Mimi niliporudi, ofisi moja ilikataa maombi yangu kwa sababu cheti changu kiliandikwa "Shahada ya Sanaa" bila kutaja fani. Nililazimika kuambatanisha orodha ya kozi na matokeo, na kupata utambuzi wa TCU kwa kuwa nilisoma nje. Ilinichukua miezi, na nafasi ilishajazwa. Anayesoma nje ya nchi aanze taratibu hizo mapema.

Mzazi mmoja aliniuliza mwanawe atajitegemea lini. Nilimwambia ukweli: mara nyingi baada ya fildi mbili au tatu za kujitolea. Kama mnaweza kumbeba kwa kipindi hicho, mbebeni.

Nataka kusoma saikolojia kwa sababu mimi mwenyewe nimepitia magumu. Ni sababu nzuri?

Ni sababu ya wengi wetu, hata wasiosema. Inaweza kukupa uvumilivu ambao aliyelelewa kwenye utulivu hana. Lakini darasa si kliniki. Ukifika kozi ya matatizo ya kiakili utajiona kwenye kila ukurasa, na wiki hiyo hiyo una mtihani. Kama kuna jambo ambalo bado linakutoa machozi ukiligusa, tafuta mnasihi wa chuo muhula wa kwanza, kabla hujalikuta kwenye slaidi mbele ya wanafunzi mia tatu. Na hapa sosholojia itakufariji kwa namna usiyoitarajia: mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, aliandika mwaka 1959 juu ya kutofautisha matatizo binafsi na masuala ya umma. Siku utakayogundua kwamba lile ulilodhani ni aibu ya nyumba yenu tu lina idadi, lina sababu, na limezipata nyumba elfu nyingine, mzigo hubadilika uzito.

Yataniharibia imani yangu?

Nimesali kabla ya mitihani na baada yake. Utasoma Durkheim akiichambua dini kama jambo la kijamii, na utasoma Freud. Unaweza kuelewa hoja ya mtu bila kuhamia kwake. Nimefanya kazi na mashehe na wachungaji wanaofahamu vizuri lini swala na maombi vinatosha na lini mtu apelekwe hospitali, na wamenisaidia kuliko ofisi nyingi.

Tasnifu niandike juu ya nini ili masomo yote mawili yaonekane?

Chagua kitu kinachofanyika mbele ya macho yako. Kubeti, kwa mfano. Ukikaa kwenye kibanda cha kubeti Jumamosi jioni utaona kijana ameshika mkeka, yaani karatasi ya ubashiri, wa timu kumi, tisa zimeshinda, moja imesawazishiwa dakika ya themanini na tisa. Hasikiki akisema ameliwa. Anasema "nimekosa moja tu," na kesho anarudi. Kukosa padogo namna ile kunavyomvuta mtu arudi, saikolojia inakueleza vizuri. Kwa nini kibanda kimejaa vijana wa kiume wasio na ajira, kwa nini hela inayoliwa pale ni ya kodi au ya ada, na kwa nini kushinda pale kunaleta heshima ambayo kibarua hakileti, hiyo ni sosholojia. Tumia dodoso kwa la kwanza na mazungumzo marefu kwa la pili. Vikoba vinafaa vilevile, au madereva wa bodaboda na hatari wanazozizoea.

Usichague mada inayohitaji wagonjwa wa hospitali. Kibali cha maadili kitakula muhula wote.

Nikitaka kuendelea Uingereza?

Huko shahada za pamoja za masomo haya ni za kawaida. Anayelenga kuwa mwanasaikolojia wa kitaaluma Uingereza aangalie kama programu imeidhinishwa na Chama cha Saikolojia cha Uingereza, kwa sababu programu mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kutofautiana kwa hilo, na sehemu ya saikolojia ikiwa ndogo mno haitakupa sifa ya kuendelea. Uliza chuo chenyewe kwa barua pepe, na uyahifadhi majibu.

Mwaka wa tatu wakinilazimisha niache somo moja, niache lipi?

Tazama daftari zako. Lile ambalo ulikuwa unalisoma hata wiki isiyo na mtihani, baki nalo. Kisha endelea kuhudhuria lile jingine kama msikilizaji, ukimwomba mhadhiri ruhusa kwa adabu. Mimi niliomba hivyo kwa kozi mbili nilizoziacha, na hakuna mhadhiri aliyenikatalia. Kaa kiti cha mbele, uje na daftari.